Ua Lililovuka Ua

Jumapili, 8 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha Ipagala leo alasiri, na mimi nimepanda.

Maua ya harusi ya jana yalifika kwa basi yakiwa yamekufa. Maboksi manne, mawili ya kutupa. Kondakta anasema boksi lilipigwa jua Babati, muuzaji wa Arusha anasema alipakia mazima, na mimi wa katikati ndiye niliyesimama mbele ya mama wa bibi harusi nikiziba mapengo kwa vitambaa. Nusu ya maua ninayonunua hayafiki jukwaani. Halafu watu wanasema Mama Yusra bei yake kali.

Nimechoka. Mwezi uliopita nilipokwenda Arusha nilimwona muuzaji wangu akijazia mashada kwa vijiua vyeupe, vidogo kama punje za mchele zilizopasuka. Nikamuuliza anavinunua wapi. "Dada, hivi navyo vya kununua? Vimejaa barabarani." Wakati wa kurudi nikachuma vichwa vilivyokauka, nikavifunga kwenye pindo la mtandio. Leo nimevimwaga kwenye matuta matatu nyuma ya nyumba, palipokuwa na mchicha.

Tangu baba Yusra aondoke hakuna aliyenishika mkono. Kazi hii ya mapambo nilianza na viti ishirini vya plastiki na shuka mbili nyeupe nilizotoa kitandani kwangu. Sasa nina maturubai na kirikuu cha kubebea. Sioni kwa nini nishindwe kuwa na maua yangu mwenyewe.

12 Desemba

Bado.

16 Desemba

Yameota. Yote, na nadhani hata ambayo sikupanda.

Jumapili, 29 Desemba

Majani yamefika gotini, yamechanikachanika kama ya karoti. Bibi Ruthu alisimama upande wake wa ua wa michongoma, akaangalia weee, kisha akaniita.

"Mwamvua, tangu lini karoti zikastawi Dodoma?"

"Shikamoo, bibi. Si karoti, ni maua."

"Marahaba. Maua gani yasiyo na ua?"

"Subiri uone."

Mumewe, Mzee Mazengo, alikuwa nyuma yake akikatakata majani ya ng'ombe. "Muache. Watu wa kwao Kolo wanajua kuchora mawe. Kulima wamejifunza juzi."

Mimi Mrangi nikamrudishia utani, na Mgogo je, anayeingoja mvua kama mtu anayengoja mshahara? Alicheka mpaka akaliweka panga chini.

Bibi Ruthu ndiye mtu pekee mtaa huu anayeniita kwa jina. Kwa wengine mimi ni Mama Yusra, au yule wa mapambo. Nilipohamia hapa aliniuliza jina langu, nikamwambia, akasema, "Kumbe ulizaliwa inanyesha. Karibu, huku tunaihitaji." Kila asubuhi ananipa lita moja ya maziwa ya Neema, ng'ombe wao mmoja. Mimi ninampa majani ya kabichi, maganda na mabaki ya bustani. Kwa mtu anayepiga hesabu hata ya pini, hii ndiyo biashara pekee ambayo sijawahi kuifungia mahesabu.

18 Januari

Yamechanua. Alhamdulillahi.

Jumapili, 26 Januari

Jana nimepamba ukumbi kwa waridi maboksi mawili tu. Kwingine kote nimejaza yale meupe. Ukumbi ulikuwa kama umemwagiwa maziwa. Mama mmoja alimuuliza Ikram, mtoto wa kaka yangu ninayefanya naye kazi, maua haya yanaitwaje. Ikram hakulijua jina. "Ni ya Shangazi Mwamvua," akasema. Hadi watu wanaondoka kuna wawili waliokuja kuniambia, na yetu tuwekee mwamvua.

Nisidanganye, nilijisikia. Nimewahi kuona duka likipewa jina la mtu, na basi. Ua, hapana.

Mashina yaliyobaki nimewapa jirani, mafungu mawili. Bibi Ruthu anasema Neema ameyasusa. "Nimemchanganyia na majani ya mahindi na pumba. Hana ujanja, atakula."

4 Februari

Nimegawa miche mtaani, bure. Kuluthumu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kina mama, ameweka yake kwenye makopo mlangoni. Kila anayeomba nampa. Wanasema, "Nipe miamvua mitatu." Mitatu. Nimempigia Yusra nikamweleza. Yeye anasomea ualimu wa Kiswahili, akacheka peke yake huko chuoni. "Mama, hiyo ni ngeli ya U-I. Mwamvua umeota, miamvua imeota. Wamekutoa kwenye watu, wamekuweka na miti."

Nikamwambia miti ina thamani kuliko baadhi ya watu.

Jumapili, 9 Februari

Chai ya leo chungu. Nikamwaga, nikapika nyingine, chungu. Sukari haikusaidia kitu. Nikadhani ni majani ya chai, nikaonja maziwa matupu. Kama kulamba mwarobaini.

Nimemtuma Ikram arudishe kidumu. Amekuja na majibu: "Bibi anasema pole, labda Neema amekula kitu."

Amekula kitu. Ng'ombe wa kufungwa bandani, hana anakokwenda, anakula anachopewa. Kwa hiyo aliyempa anajua alichompa.

12 Februari

Maziwa bado. Nimeazima kipima maziwa kwa mnunuzi wa barabara ya juu, nimekitumbukiza. Kimesimama panapotakiwa. Haya, hakuna maji. Kama si maji basi ni dawa. Wapo wanaotia dawa maziwa yasigande, sijaanza kusikia leo.

Alhamisi, 13 Februari

Kwenye kikundi Kuluthumu aliuliza kwa nini naagiza chai ya rangi. Nikasema maziwa ya pale kwa jirani mimi sitii tena mdomoni. Wakauliza kulikoni. Nikasema sijui, ila kipimo kinasema si maji, na kuna watu siku hizi wanatia dawa. Nikanyamaza. Wao hawakunyamaza.

17 Februari

Mikono ya Ikram imetoka vipele hadi kwenye viwiko. Nimemwambia kama ni mkorogo aseme mapema, sitaki msichana wa kazi yangu ashike vitambaa vyeupe kwa mikono inayochubuka.

"Shangazi, sijapaka chochote. Haki ya Mungu."

"Vipele havitoki hewani."

Akafuta macho kwa kiwiko, maana mkono ulikuwa unawasha, akaendelea kufunga mashada.

Jumapili, 23 Februari

Harusi tatu wiki hii, watu wanawahi kabla ya mfungo. Nimechoka lakini niandike hili.

Bibi Ruthu amekuja mpaka mlangoni. Hajawahi, sisi tunazungumza uani. Alitoka kanisani, bado amejifunga kitenge chake cha Jumapili.

"Mwamvua. Nyumba tano zimeacha maziwa yangu. Wanasema wewe umesema natia dawa."

"Sikusema unatia, bibi. Nilisema wapo wanaotia."

"Na mimi nimo katika hao wapo?"

Nikasema sijui, mimi nimeonja tu maziwa machungu. Akaniangalia kama mtu anayesoma bei akagundua siyo aliyoambiwa. "Haya," akasema, akaondoka. Hakunywa hata maji.

Mimi nina haki ya kusema nilichoonja. Nimeandika hivyo, na nimesoma tena, na sijaridhika.

5 Machi

Mfungo umeanza, kazi zimesimama. Mvua inanyesha kila jioni karibu na futari, na mtaro wa barabarani unavuma. Nilipotoka kufagia nimeona miche yangu imeota nje ya wigo, kwenye mtaro, mpaka kwenye kiwanja kitupu cha mtu asiyejenga. Ua limevuka ua. Imesimama imara kuliko mahindi ya watu, na ilipo yenyewe hakuna nyasi.

Viganja vyangu vinawasha.

Alhamisi, 13 Machi

Ninaandika mlango nimefunga, ingawa nyumbani nipo na Ikram tu, na amelala.

Nilikwenda ofisi ya kata kuulizia kibali cha muziki kwa kazi za baada ya Idi. Watu wengi, tukakaa kwenye benchi. Ukutani mbele yangu kulikuwa na tangazo lenye picha. Nilitabasamu kabla sijasoma. Nilidhani kuna aliyepiga picha mapambo yangu.

GUGU KAROTI. UKILIONA, LING'OE KABLA HALIJACHANUA.

Nikasoma chini. Linaua nyasi na mazao. Mche mmoja hutoa mbegu zaidi ya elfu kumi, husambazwa kwa upepo, maji, magari na nguo. Likimgusa mtu mara kwa mara, ngozi huwasha na kutoka vipele, na wengine hubanwa kifua. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu.

Maziwa yake huwa machungu. Nimesoma mstari huo mpaka mama niliyekaa naye akaniuliza kama sioni vizuri, anisomee.

Nilikuwa nimeweka mikono mapajani. Nikaiingiza ndani ya mtandio. Jina lilipoitwa nikaingia, nikaulizia kibali, nikajibiwa, nikatoka. Sikumwambia mtu. Kijana wa ofisini aliniambia, "Mama Yusra, mbona maua huku kwetu hutuletei?"

Neema nimempa mimi. Kwa mkono wangu, mafungu kwa mafungu, juu ya michongoma, nikijiona jirani mwema. Ng'ombe aliyakataa. Ng'ombe alijua. Na kipimo kiliniambia maziwa hayana kosa, nikakataa kukiamini, mimi ninayejisifu kwamba namba hazidanganyi.

Na Ikram. Nimemwambia mtoto wa kaka yangu anapaka mkorogo.

14 Machi

Nimekaa na kalamu nikazidisha. Tuta moja lina miche karibu mia mbili. Matuta matatu. Kila mche elfu kumi. Nikafika milioni sita, nikaacha, sijaongeza makopo ya Kuluthumu na wengine niliowapa, wala mtaro.

Cha kufanya kinajulikana. Kung'oa leo, kwenda kwa Bibi Ruthu leo. Lakini Mzee Hashimu wa Kondoa amenipa kazi ya binti yake Hamida, tarehe tano Aprili, ukumbi wa watu mia sita, na alichokitaka, alikisema mbele ya ndugu zake, ni "yale meupe ya Mwamvua." Ameshawaambia Kondoa nzima. Nikimwambia hayapo ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, nani tena ataniita?

Nitaacha tuta moja tu. Mawili nitayang'oa. Baada ya harusi ya Hamida nitamaliza yote na nitasema.

Nimeandika "nitasema." Swaumu yangu sijui ni ya nini.

16 Machi

Nimeng'oa matuta mawili. Kwa glavu. Ikram akauliza kwa nini tunavaa glavu sasa. Nikamwambia zilikuwa zinauzwa rahisi.

Kwa jirani sijapeleka tena hata jani la kabichi. Nilidhani hilo litatosha, maziwa yatakuwa matamu, wateja watarudi, na mambo yatajimaliza yenyewe bila mtu kutajwa.

20 Machi

Hayatajimaliza. Leo nimekutana na Mzee Mazengo akisukuma baiskeli, nyuma amefunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Juu ya mzigo, meupe. Amekata kule mtaroni.

"Mbukwenyi, mtu wa Kolo," akanisalimu Kigogo kama zamani.

"Mbukwa, mzee."

"Nimeishiwa majani ya kununua. Nakata haya ya serikali, hayana mwenyewe."

Yanaye. Yupo mbele yako, mzee, amebeba futari. Hayo ndiyo maneno niliyopaswa kuyasema. Nilichosema ni kwamba jua kali, na yeye akasema kweli, akasukuma baiskeli yake akaingia bandani.

Mimi nimetoka Kolo. Nimekulia kwenye vilima ambako ng'ombe walihamishwa kabla sijazaliwa ili nyasi zirudi. Mama alikuwa akituonyesha korongo lenye kina kama urefu wa mnazi, anasema hapo palikuwa na shamba la bibi yenu. Mtu wa kwetu haambiwi ardhi ikiharibika inakuwaje. Na bado nina tuta moja ninalolimwagilia.

25 Machi

Nimelimwagilia. Mvua haikunyesha.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimempelekea Bibi Ruthu sahani ya pilau, kama kila mwaka. Sahani ya jirani hairudi tupu, ndivyo tulivyolelewa wote, Mgogo na Mrangi. Mwaka jana ilirudi na karanga, mwaka juzi mayai matatu.

Leo imerudi imeoshwa, imekaushwa, imefunikwa na kitambaa changu kilekile. Chini ya kitambaa hakuna kitu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilimsikia Mzee Mazengo akimwambia mjukuu wao Joshua kwamba Jumamosi wataamka mapema, wanampeleka Neema mnadani. Miguu yangu ikanitoa ndani mpaka kwenye michongoma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alikuwa anaosha ndoo ya kukamulia. Hakuita jina.

"Nasikia mnamuuza Neema."

"Tufanyeje? Maziwa yake hayanyweki, na hata yangenyweka, nani anunue kwangu? Mganga wa mifugo amempima, haoni ugonjwa. Mazengo anasema ng'ombe amelaaniwa. Mimi nasema ng'ombe halaaniwi, labda mimi."

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo, na nilichokitoa ni hiki:

"Labda ni majani, bibi. Nimesikia kuna majani yanatia uchungu."

"Majani gani?"

"Ya barabarani. Hayo anayokata mzee."

Akanyoosha mgongo. Nilimwona akikubali, akiniamini, hata baada ya yote. Akageuka akaita, "Mazengo. Mazengo, njoo hapa. Nilikwambia usikate majani usiyoyajua."

Nikaondoka. Nyuma yangu nikamsikia mzee akijitetea kwa sauti ya chini, kwamba majani yote ni majani, na yeye atajuaje. Mzee wa miaka sabini anagombezwa mbele ya mjukuu kwa kosa langu, na mimi nakwenda kukata maua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nianze na harusi, maana nyumbani sitaki kufika.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Jukwaa lote jeupe, hadi kwenye ngazi. Mzee Hashimu aliwaleta ndugu zake mmoja mmoja waone. "Huu ndio mwamvua wenyewe," anawaambia. "Mnauona?" Wanagusa, wananusa. Wawili wakaniomba mbegu za kupanda Kondoa. Sheikh alipiga chafya mara tatu katikati ya khutba ya ndoa, watu wakasema mafua ya mvua. Hamida, bibi harusi, macho yalimwiva na machozi yakamtoka tangu alipokaa mpaka aliponyanyuka. Shangazi zake walifurahi mno. "Amelia vizuri," wakasema. "Mabibi harusi wa siku hizi wanacheka tu." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, najua analia nini.

Mbegu za wale wawili sikutoa. Nikasema zimekwisha. Nao ni uongo, lakini angalau umesimama upande mwingine.

Nimerudi magharibi. Banda la jirani wazi, kamba imening'inia kwenye nguzo. Joshua alikuwa anafagia samadi peke yake. Nikamuuliza kama wamempata mteja.

"Ndiyo, mama. Wa nyama."

Alikuwa akimkamua Neema kabla ya kwenda shule. Aliposema "wa nyama" aliendelea kufagia mahali pamoja, palipokwisha kuwa safi.

Jumapili, 6 Aprili

Nimesema.

Nilimsubiri atoke kanisani. Nilikwenda mlangoni kama alivyokuja kwangu. Alinipa kiti, nikakataa, akakaa yeye.

"Bibi, majani yaliyomtia Neema uchungu ni maua yangu. Nilikuwa nakupa mwenyewe. Hayo ya mtaroni yametoka kwangu. Nilijua tangu kumi la pili la mfungo, nimesoma ofisi ya kata. Sikusema kwa sababu ya kazi ya Hashimu."

Mzee Mazengo alikuwa mlango wa uani. Alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

"Juzi," akasema Bibi Ruthu, "ulipokuja kwenye michongoma. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nikamgombeza mume wangu."

"Ndiyo."

"Na Neema alikuwa bado yupo."

"Alikuwa bado yupo."

Nilitoa bahasha. Nilikuwa nimepiga hesabu ya ng'ombe wa maziwa, siyo wa nyama, na maziwa ya miezi yote hiyo. Nikaiweka mezani. Hakuigusa. Akaisukuma kwa ncha ya kidole mpaka ukingoni kwangu.

"Ng'ombe tutanunua siku tukitaka ng'ombe. Mimi hukuniharibia ng'ombe tu. Ulinisema kwenye kikundi. Nenda ukanisemee hukohuko."

"Nitakwenda Alhamisi."

"Na hilo jani lina jina?"

"Gugu karoti."

"Karoti," akasema. Alikumbuka, nikaona. Nami nikakumbuka siku ile aliyoniuliza kuhusu karoti. Akanyanyuka kufungua mlango nitoke. "Hapa kwetu wanaliita mwamvua."

Usiku huohuo nimemwambia Ikram. Nimemwambia samahani kwa mkorogo. Akasema, "Haya, shangazi," akaangalia mikono yake. Sijui kama nimesamehewa au nimeheshimiwa tu.

7 Aprili

Nimeng'oa tuta la mwisho. Lilikuwa limekwisha kumwaga mbegu.

Alhamisi, 10 Aprili

Walikuwepo kina mama kumi na wanane. Nilisimama. Kuluthumu alidhani natangaza mchango.

Nikasema maziwa ya Bibi Ruthu hayakuwahi kutiwa kitu. Uchungu ulitoka kwenye maua yangu, na mimi ndiye niliyempa ng'ombe. Nikasema nilijua tarehe fulani, nikanyamaza mpaka ng'ombe ameuzwa. Nikasema miche niliyowapa ing'olewe, kwa glavu, ianikwe juani juu ya turubai mpaka ikauke, ichomwe, msisimame kwenye moshi, maana hubana kifua. Turubai nitaleta yangu, kubwa lile la harusi.

Mmoja nyuma akasema, "Kumbe mtoto wangu kifua chake." Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikujiandaa.

Kuluthumu akauliza, "Sasa tunasema tunang'oa nini? Maana watoto hawajui gugu karoti. Ukiwatuma wataleta karoti."

Wakacheka kidogo, kwa aibu yangu na kwa nafuu. Nikasema, "Waambieni mwamvua. Watajua."

Bwana shamba wa kata alikuja jioni kuukagua mtaro. Alikuwa anaandika. "Hapa mtaani linaitwaje?" Nikamtajia. Akaandika. Hakuuliza jina langu.

13 Aprili

Mzee Hashimu amepiga simu. Amesikia. Nilijiandaa kujitetea, nikakuta sina nia. Alisema tu, "Mama, mimi ni mtu wa Kondoa. Tunajua mchanga unavyokwenda. Ulitaka kutuletea hilo?" Nikasema hapana, ila nilileta hadi mlangoni. Akasema sawa, akakata.

Kazi mbili za Mei zimefutwa. Sijalalamika popote, hata humu.

21 Aprili

Kila alfajiri nashuka mtaroni na Ikram kabla jua halijapanda. Nimemwambia asije, amekuja, na glavu ndefu. Watu wanapita kwenda kazini. "Mama Yusra, umeota tena huku kwangu," wananiambia. Nao ni utani, na si utani. Nakwenda, nang'oa.

Ninachong'oa siku ya leo, keshokutwa kimechipuka pembeni. Nimeacha kuzidisha.

29 Aprili

Kuna nyumba mbili zimempelekea Bibi Ruthu salamu kwamba akipata ng'ombe mwingine watarudi. Ameniambia Joshua, siyo yeye.

4 Mei

Mvua zimekata. Upepo wa vumbi umeanza. Nyuma ya nyumba pako wazi, udongo mtupu. Sijapanda kitu. Bwana shamba anasema nipande nyasi za malisho zifunike ardhi, zitalibana gugu. Nimeagiza mbegu. Nimeuliza majina yake mara mbili, na nimemwomba anionyeshe zilipoota.

Jumapili, 11 Mei

Jumatatu usiku ilinyesha mvua ya kupotea njia, nusu saa tu. Leo asubuhi tayari yameota, mstari mzima chini ya michongoma. Nilipiga magoti nikaanza kung'oa, moja moja, na mzizi wake.

Ng'ambo nikasikia sauti ya Joshua. "Bibi, mwamvua umeota huku kwenye kona ya banda."

"Nimeuona," akasema Bibi Ruthu.

Nikaendelea. Kila siku nasikia hivyo, nimezoea. Neno hilo likipita siinui kichwa tena, si langu.

"Mwamvua," akasema.

Nikang'oa mwingine. Nikadhani anamwonyesha mtoto.

"Mwamvua." Ilikuwa karibu sasa, juu yangu. Nikatazama. Amesimama upande wake, jembe la palizi mkononi, uso wake hauna lolote la kunifurahisha. "Nakuita wewe."

"Abee, bibi."

"Huku kwenye banda yamejaa, na mgongo wangu haupindi. Pita mlango mkubwa. Usiruke hapo, utazivusha mbegu kwa nguo zako."

Nikajikung'uta pindo la nguo, nikakagua nyayo za viatu. Nikazunguka.